Mama Lukasi na Namba za Kilimani

Mwezi Machi mwaka 2019 nilifika kwenye kituo cha pampu kando ya mto Pangani, upande wa chini wa Korogwe, nikiwa na maboksi mawili na kompyuta mgongoni. Kazi niliyotumwa ilikuwa fupi kuieleza. Nilitakiwa kufunga kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tangi kubwa la Handeni, kisha niweke programu ambayo ingepokea namba ya kifaa hicho kila robo saa na kutuma meseji kwenye simu za wahusika endapo maji yangeshuka chini ya mstari fulani au kupanda juu ya mwingine. Sikuwa nimeambiwa kwamba kazi hiyo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na sita, mfupi, amejifunga kitenge juu ya gauni, ameketi kwenye meza yenye simu ya upepo na daftari kubwa la jalada gumu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kiti cha pekee kilichokuwa na mto wa kukalia. Nikamweleza kilichonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, halafu akauliza swali moja.

"Hicho kifaa kitakuwa kinaongea na nani?"

Nikamwambia kitaongea na kompyuta, na kompyuta itaongea na simu za watu. Alitikisa kichwa taratibu, akasema haya, akaenda kunichemshia chai.

Jina lake ni Grasiana. Pale kituoni walimwita Mama Lukasi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na watu wa Handeni, ambao wengi hawakuwahi kumtia machoni, walimwita Mtoni. Hilo lilikuwa jina la kituo kwenye simu ya upepo. Tangi la Handeni liliitwa Kilimani. Mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kile chombo: "Mtoni, Mtoni, hapa Kilimani." Naye alijibu, "Kilimani, endelea," akaandika namba aliyotajiwa. Kwa namba hiyo mafundi waliwasha pampu ya pili, au waliacha moja, au walizima zote.

Asiyeijua Handeni ya miaka ile hawezi kuelewa uzito wa zile namba. Ni nchi ya Wazigua, ya mahindi na machungwa, lakini haipitiwi na mto. Maji ya bomba ya mji yalikuwa yanasukumwa kutoka huku kwetu Pangani, yanapanda vilima kilomita nyingi, yanaingia tangini, ndipo yanateremka mitaani. Bibi yangu alizaliwa kule. Hata alipoolewa Old Korogwe, nyumba yake ikiwa hatua chache tu kutoka mtoni, aliendelea kunawa uso kwa maji ya kikombe kimoja mpaka alipofariki. Sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka.

Nilikaa na Mama Lukasi wiki tatu za kufunga mitambo, na baadaye nilirudi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake, kidogo kidogo, na mengine kwa Bi Hajira, mwenye ile sauti ya Kilimani.

Baba yake Grasiana alitoka Kasulu kuja kukata mkonge, akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na alikusudia kukaa miaka miwili. Alikaa mpaka alipozikwa. Grasiana alizaliwa kambini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, na alipomaliza akaenda kazini korona, kwenye mtambo wa kusaga mkonge, kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani pamoja na akina mama wengine. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani, kwa hiyo karani alimwachia kuhesabu mafungu. Akaolewa na Abraham, fundi wa mashine, naye mtoto wa kambini. Bei ya mkonge ilipoanguka na shamba kuanza kuota magugu, Abraham alipata kazi kituo cha pampu. Mwaka 1989 aliyekuwa anapokea simu ya upepo aliacha kazi, na Abraham akamwambia mkuu wa kituo kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayejua kuandika namba.

Asubuhi ya kwanza Grasiana aliketi mbele ya chombo akiwa na hofu. Alikuwa hajawahi kushika simu ya aina yoyote. Sauti ya Kilimani ilimwambia aachie kitufe akimaliza kusema, la sivyo atakuwa anajisikiliza mwenyewe. Kisha ikamtajia mita mbili nukta nne. Kisha ikamuuliza kama amekunywa chai.

Hiyo ilikuwa sauti ya Hajira, binti Mdoe, Mzigua wa Handeni, aliyekuwa amemzidi miaka minne. Nyumba yake ilikuwa chini ya tangi, na kazi yake ilikuwa kulisoma. Ndani ya tangi kulikuwa na boya linaloelea, limefungwa waya uliopita juu ya roda, gurudumu dogo la kuongoza waya, na kushuka nje hadi kwenye ubao uliochorwa namba. Maji yakipanda, mshale unashuka. Yakishuka, mshale unapanda. Tangi lilikuwa na kina cha mita nne. Likifika moja na nusu, mji ulikuwa unaelekea pabaya, na Grasiana alitakiwa kuwaambia mafundi waongeze pampu. Likifika tatu na nusu wapunguze, maana likifurika maji yaliyopandishwa kwa dizeli yanamwagika porini.

Walifanya kazi hivyo miaka saba bila kuonana. Sheria ilikataza maongezi mengine kwenye simu, na kila mara walitaja namba kwanza. Lakini baada ya namba kulikuwa na nafasi ndogo kabla ya kusema mwisho wa taarifa, na katika nafasi hiyo walipitisha maisha yao. "Mita mbili nukta moja, na mvua imeanza huku, anua nguo zako." Mvua ya Handeni ikielekea Korogwe ilichukua kama nusu saa kufika, na majirani wa Grasiana walishangaa jinsi alivyokuwa anaanua nguo jua likiwaka. "Mita tatu kasoro, na nimejifungua wa kike." Siku hiyo aliyesoma ubao alikuwa Mwinjuma, mume wa Hajira, lakini Hajira alikataa mume aseme habari ya mtoto. Aliletewa chombo kitandani, waya umepitishwa dirishani.

Kwa gari la kituo walipelekeana vitu. Machungwa yaliteremka. Kambale wa kukausha walipanda, wamefungwa kwenye gazeti. Grasiana alisema gunia la kwanza la machungwa lilipofika alilinusa kabla ya kulifungua, akijaribu kubuni nyumba ya huyo mwanamke ina harufu gani.

Walionana mwaka 1996, Grasiana alipoitwa Handeni kwenye semina ya siku moja. Alikwenda mpaka nyumbani kwa Hajira akiwa na hamu kubwa, wakakumbatiana, wakaketi, na hawakuwa na la kusema. Kila mmoja alimwona mwenzake mgeni. Hajira alikuwa mrefu na mweusi, na Grasiana kwa miaka yote saba alikuwa amemweka kichwani kuwa mfupi mnene. Walikaa hivyo robo saa, wanasifia chai. Mwishowe Hajira akaingia jikoni kusonga ugali, na kutoka jikoni akauliza kitu, Grasiana akajibu kutoka uani, na maneno yakafunguka kama kawaida. Wakaongea hivyo kupitia ukuta mpaka gari lilipokuja kumchukua.

Abraham alifariki mwaka 2003, kwa ugonjwa wa kifua. Grasiana alirudi kazini siku ya nne, kwa sababu watoto walikuwa watatu na mshahara mmoja. Saa moja asubuhi Kilimani ikaita na kutaja namba. Halafu Hajira akabaki ameshika kitufe bila kusema kitu. Ukishika kitufe upande wa pili hauwezi kusema, unasikia tu. Grasiana alisikia pumzi zake, na kuku, na mtu anafagia kwa mbali. Ilidumu kama dakika nzima. Aliniambia kwamba katika wote waliokuja kumpa pole, na walikuwa wengi, huyo ndiye aliyemfariji.

Sasa nifike kwenye siku ambayo wote wawili waliizungumzia kwa sauti ya chini kidogo. Ilikuwa mwaka 2008, msimu wa kuvuna mahindi. Saa moja asubuhi Kilimani haikuita. Grasiana akaita yeye, hapakuwa na jibu. Akaita tena baada ya robo saa, na tena. Mkuu wa kituo alisema ni betri, wasubiri saa saba. Grasiana akamwambia hapana. Betri ikielekea kufa sauti inafifia siku mbili kabla, na jana jioni alimsikia Hajira kama yuko chumba cha pili. Zaidi ya hapo, jana jioni namba ilikuwa ile ile ya mchana, na Hajira alikuwa amesema haipendi.

Gari la kituo lilikuwa linapeleka vipuri Handeni. Grasiana akaomba kupanda. Mkuu hakumruhusu wala hakumkataza, aligeukia dirishani, na Grasiana akachukulia hiyo kuwa ruhusa. Walifika saa tano. Nyumbani hapakuwa na mtu, Mwinjuma na watoto walikuwa wamelala shambani tangu juzi. Walimkuta Hajira chini ya ngazi ya tangi, mguu umevunjika pajani, midomo imekauka. Mshale ulikuwa umekwama, naye kabla ya kupiga simu ya asubuhi alipanda juu kuchungulia maji kwa macho yake. Alipokuwa anashuka akateleza.

Neno la kwanza alilomwambia Grasiana lilikuwa, "Andika. Mita moja nukta moja, nimeiona mwenyewe."

Grasiana hakuwa na karatasi. Akaiandika kiganjani kwa kalamu, ndipo wakamnyanyua kumpeleka hospitali. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Baada ya miezi minne Hajira alirudi kwenye ubao wake, na ngazi akaipanda tena kila mara mshale ulipokataa kusogea. Nilimuuliza kwa nini hakuogopa. Alisema aliogopa sana.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuja kuichukua mimi, nikiwa na maboksi mawili.

Sikuja kwa ubaya. Bi Hajira alikuwa anatimiza miaka sitini mwaka ule na anastaafu, na hapakuwa na mtu wa kuajiriwa badala yake. Tulifunga kifaa tangini, chenye laini ya simu ndani yake, na kule Mtoni tukaweka kompyuta. Mama Lukasi alikuwa amebakiza miaka minne, akapangiwa kuangalia skrini. Siku ya mwisho ya simu ya upepo nilikuwepo. Saa kumi na mbili jioni Bi Hajira akaita, akataja mita mbili nukta saba. Halafu akamuuliza Mama Lukasi amepika nini. Mama Lukasi akasema ugali na mboga ya mchunga. Bi Hajira akasema huo mchunga wa Korogwe hauna uchungu wa kutosha. Mwisho wa taarifa. Mama Lukasi akafunika chombo kwa kitambaa, akafunga daftari, akaniuliza kompyuta inazimwaje, au haizimwi.

Nikaweka mistari miwili kama nilivyopewa, mita moja na nusu chini, tatu na nusu juu, na namba za simu za watu watano. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa. Wiki ya pili tangi lilishuka likakaa hapo hapo kwenye moja na nusu, na maji hayatulii kama kwenye glasi, yanacheza. Kila yalipogusa chini ya mstari programu ilituma meseji ya hatari. Yalipopanda kidogo ilituma meseji ya heri. Mchana mmoja simu ya fundi mkuu iliingiwa na meseji sitini na mbili. Akaizima sauti. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, na mkuu wa kituo akaniomba nimwondoe kabisa kwenye orodha. Nilipokuja kuangalia, aliyekuwa bado anazisoma zote alikuwa Mama Lukasi, kwenye simu yake ndogo ya vitufe, na alikuwa ameziandika daftarini.

Hakunilaumu. Alisema tu kwamba Hajira hakuwa na tabia ya kupiga kelele maji yakigusa mstari. Alikuwa anayapa muda. Akiona yameshuka na yanaendelea kushuka, hapo anaita. Na akishaita, hasemi hali ni nzuri mpaka maji yamepanda vya kutosha, siyo kidole kimoja. Nilirudi kwenye kompyuta nikaandika hivyo hivyo alivyosema. Maji yakae chini ya mstari dakika ishirini ndipo meseji itoke, na meseji ya heri isitoke mpaka yafike mita moja na sentimita themanini. Kelele zikakoma. Mafundi wakarudisha sauti za simu zao.

Niliondoka Korogwe nikiamini kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, na kosa lililobaki lilikuwa langu mwenyewe.

Mwezi Oktoba, siku ya Alhamisi, Mama Lukasi aliingia kazini saa moja akakuta skrini inaonyesha mita mbili na sitini. Rangi ya kijani, kila kitu salama. Mafundi wakaona hiyo ni nafasi nzuri, wakazima pampu zote mbili kubadilisha mipira ya kuzuia maji. Saa mbili mita mbili na sitini. Saa tatu mbili na sitini. Saa tatu na nusu Mama Lukasi akaenda kwa mkuu wa kituo, akamwambia kuna kitu hakiko sawa. Mkuu akaja kuangalia. Akasema mbona ni kijani, mama, na hakuna meseji hata moja.

Mama Lukasi akamwambia, "Mji mzima umeamka, watu wameoga, wamepika, wamefua, na pampu zimezimwa. Maji gani hayo yasiyopungua?"

Mkuu akasema atanipigia simu mimi. Mimi nilikuwa Tanga kwenye mkutano, simu imezimwa. Basi Mama Lukasi hakusubiri. Akatoka nje akampigia Hajira, ambaye kwa wakati huo alikuwa mstaafu wa miezi saba, anapukuchua mahindi uani kwake. Akamwomba akaangalie tangi. Ubao wa zamani ulikuwa umeshang'olewa na mafundi wetu. Ngazi Mama Lukasi alimkataza asiiguse. Hajira akachukua mchi wa kinu, akachechemea mpaka tangini, na akaanza kuligonga kuanzia usawa wa kichwa kuja chini, akisikiliza, simu imebanwa begani ili mwenzake naye asikie. Penye maji tangi linajibu kwa sauti nzito. Lilijibu kama debe tupu kichwani, debe tupu kifuani, debe tupu kiunoni. Sauti ilibadilika alipokuwa ameinama, mchi uko usawa wa goti.

"Mtoni," alisema, "nusu mita. Haizidi."

Mafundi walifunga mipira ile mbio mbio na pampu zikawaka saa tano kasoro. Maji yanachukua muda mrefu kupanda kule. Mitaa ya juu ilikauka mpaka jioni, na akina mama walipanga ndoo kama zamani. Lakini bomba kuu halikuingiza hewa, ambayo ingezuia maji kupita, na hospitali haikukosa. Wangengoja mpaka mafundi wamalize kazi yao kwa utaratibu waliopanga, yaani jioni, tangi lingekuwa kavu na mji ungekaa siku tatu bila tone.

Nilifika kesho yake asubuhi na nikaona kosa ndani ya dakika kumi. Bando la laini iliyokuwa ndani ya kifaa lilikwisha Jumatano jioni, saa moja na dakika kumi. Kifaa hakikuharibika, kiliendelea kupima kama kawaida, lakini hakikuwa na njia ya kusema. Na mimi, nilipokuwa naandika programu, niliiambia kwamba isipopata namba mpya irudie ya mwisho, ili skrini isionekane tupu. Niliona namba ikikosekana watu watasema mtambo ni mbovu. Kwa hiyo usiku kucha na asubuhi nzima ilikuwa inasoma kwa sauti ya kujiamini namba ya jana. Haikuvuka mstari wowote, kwa hiyo haikumwita mtu yeyote.

Nilijiandaa kusemwa. Mkuu wa kituo alinisema, na alikuwa na haki. Mama Lukasi alinisubiri nimalize naye, akaniita mezani kwake, akaniwekea chai na muhogo wa kuchemsha, na ndipo aliponisimulia kwa mara ya kwanza habari ya mwaka 2008, ya betri na ngazi na namba aliyoandika kiganjani. Alisimulia bila haraka, anapuliza chai yake. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba watu wale wawili walikuwa kifaa cha kupimia cha zamani, na kwamba mimi nimeleta kipya. Siku ile nilielewa kwamba Hajira alikuwa anasoma tangi, na Grasiana alikuwa anamsoma Hajira, na hicho cha pili sikuwa nimekileta.

Nilimuuliza anataka niongeze nini.

"Mwanangu Husna," akasema, "umeweka meseji ya maji kidogo na meseji ya maji mengi. Weka na ya ukimya."

Tuliipanga pamoja, yeye akitaja na mimi nikiandika. Namba mpya isipofika kwa nusu saa, meseji itoke. Namba ikifika lakini haijasogea hata kidogo kwa saa moja mchana, meseji itoke, maana mji hauachi kunywa. Na skrini, ikikosa namba, isionyeshe kitu. Nilimuuliza meseji isemeje, nikitegemea ataniachia mimi. Alifikiri kidogo, akasema iandikwe hivi: Kilimani hajibu. Nenda kaangalie. Nikamwambia sarufi ingetaka "haijibu", kwa kuwa tangi siyo mtu. Alisema anajua.

Mwaka 2023 Mama Lukasi alistaafu. Kabla hajaondoka waliung'oa mlingoti wa simu ya upepo uliokuwa nyuma ya kituo, ukakatwa vipande. Alisimama kuangalia mpaka mwisho, mikono nyuma. Nilidhani anahuzunika kwa ajili ya mlingoti, akaniambia hapana, ule ulikuwa unavutia radi na alikuwa anauogopa miaka yote. Alichokuwa anakikosa ni kile kinachoingia pamoja na sauti. Akisikia namba, alisikia pia kuku wa Hajira, na upepo wa Handeni kwenye dirisha la Handeni, na kama Hajira amelala vizuri au ana mafua. Kompyuta inampa namba yenyewe tu, imemenywa. Ni namba sahihi, alisema, sahihi kuliko zetu. Hajira alikuwa anakosea nukta mara kwa mara.

Sasa anaishi Mkumbara, kwenye kiwanja walichonunua na Abraham zamani, ambapo Lukasi amemjengea vyumba vitatu. Amepanda nyanya na bamia, na anauza kidogo barabarani kwa wanaoelekea Moshi. Mimi nimehamia kampuni nyingine, lakini nikipita njia ile husimama. Mara ya mwisho ilikuwa Juni. Nilimkuta amekasirika. Kijiji kinachimba kisima kirefu na wamemchagua kwenye kamati ya maji bila kumuuliza. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mwenyekiti alimfuata shambani, na yeye akasema atakuja kusikiliza tu, atakaa nyuma.

Baada ya wiki mbili alinipigia. Mkutano wa kwanza ulichukua saa nne, alisema, na wanaume walibishana muda wote juu ya rangi ya kibanda cha pampu. Hawakuamua chochote. Nikamuuliza kama ameacha. Akasema mkutano ujao ni Jumatano, saa nane, na kwamba safari hii atakaa mbele.